James Chuma

James Chuma (alizaliwa takriban mwaka 1850, alifariki Zanzibar mwaka 1882) alikuwa mnyapara na mpangaji wa misafara ya masafa marefu katika Afrika ya Mashariki na ya Kati wakati wa karne ya 19. Alikuwa Myao kutoka nchi zilizo karibu na Ziwa Nyasa.

Anajulikana hasa kwa sababu yeye na Abdullah Susi waliongoza kundi la Waafrika waliobeba mwili wa mpelelezi Mskoti David Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo (leo nchini Zambia) hadi Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 1,600 iliyochukua miezi tisa hivi. Lakini hiyo ilikuwa sehemu moja tu ya kazi yake. Kati ya mwaka 1866 na 1881 alisafiri kwa miguu katika maeneo ambayo leo ni Tanzania, Malawi, Zambia, Msumbiji na Kongo, kwanza akiwa kijana mtumishi, baadaye akiwa mtu aliyeajiri wapagazi, kugawa mizigo, kujadili hongo na kuamua msafara ulale wapi. Mara kadhaa alipita kusini mwa Tanzania ya leo, katika mabonde ya mito Ruvuma na Lukuledi.

Utotoni na utumwa

Chuma alizaliwa wakati biashara ya watumwa ilipokuwa imeenea sana kuzunguka Ziwa Nyasa. Misafara kutoka Kilwa, Lindi na pwani ya Msumbiji ilifika huko kununua watu na pembe za ndovu, na vita kati ya makabila viliongeza idadi ya mateka. Akiwa bado mtoto alitekwa na kuuzwa.

Mwezi Julai 1861 Livingstone, akifuatana na askofu Charles Mackenzie wa misheni ya Waanglikana iliyojulikana baadaye kama UMCA, alikutana na msafara wa watumwa katika kijiji cha Mbame, kwenye nyanda za juu za mto Shire (leo Malawi). Walinzi wa msafara walikimbia, na watu 84 walifunguliwa. Miongoni mwa watoto waliokombolewa wakati huo walikuwa Chuma na mwenzake Wikatani, Myao pia. Walipelekwa kuishi kwenye kituo cha misheni huko Magomero.

Kituo hicho hakikudumu. Askofu Mackenzie alifariki tarehe 31 Januari 1862, na wamisionari wengine wakaugua au kufa kwa homa na njaa. Askofu William Tozer, aliyemfuata Mackenzie, aliamua kuondoka na kuhamishia misheni Zanzibar mwaka 1864. Chuma na Wikatani walichukuliwa na Livingstone.

Bombay

Mwaka 1864 Livingstone alitaka kuiuza meli yake ndogo ya mvuke, Lady Nyassa, bila kuiacha iangukie mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Aliivusha Bahari ya Hindi kutoka Zanzibar hadi Bombay (leo Mumbai) katika siku 45, akiwa na mabaharia wachache tu. Chuma na Wikatani walikuwamo melini.

Vijana hao wawili waliachwa Bombay katika shule ya wamisionari Waskoti. Huko Chuma alijifunza Kiingereza pamoja na kusoma na kuandika. Mwezi Desemba 1865 alibatizwa akapewa jina la James. Kwa lugha yake ya Kiyao, Kiswahili na Kiingereza, sasa aliweza kuzungumza na watu wa bara, watu wa pwani na Wazungu. Uwezo huo ulikuwa msingi wa kazi yake yote ya baadaye.

Safari ya mto Ruvuma, 1866

Livingstone alirudi Afrika mwanzoni mwa mwaka 1866 akamchukua Chuma, aliyekuwa na umri wa miaka 15 au 16. Msafara uliondoka Zanzibar tarehe 19 Machi 1866, ukashuka Mikindani siku chache baadaye kwa sababu matope ya mdomo wa Ruvuma hayakuruhusu wanyama kutua. Mwanzoni mwa Aprili ulianza kuelekea bara.

Msafara huu ulikuwa mdogo na wa mchanganyiko. Walikuwamo askari 13 wa Kihindi, wanaume 10 kutoka kisiwa cha Anjouan, vijana 9 wa Kiafrika waliosomeshwa katika shule ya watumwa waliokombolewa huko Nasik nchini India, Susi na Amoda kutoka Shupanga kwenye mto Zambezi, na Wayao wawili, yaani Chuma na Wikatani. Walikuwamo pia ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu wa kubeba mizigo na punda. Livingstone alitaka kujua kama wanyama hao wangestahimili mbung'o, kwa kuwa mnyama wa mizigo angepunguza haja ya wapagazi.

Mpango huo ulishindwa karibu katika kila jambo:

Njia: Ngamia waliobeba mizigo mipana hawakuweza kupita kwenye vichaka vizito vya nchi ya Wamakonde. Ilibidi kuajiri wenyeji wenye mashoka na mapanga ili kupanua njia, na mwendo ukawa wa polepole.

Wanyama: Walibebeshwa mizigo kupita kiasi, wakapigwa na kukosa matunzo. Wengi walikufa kabla ya kufika Ziwa Nyasa, hata jaribio la mbung'o halikutoa jibu la kuaminika.

Chakula: Sehemu kubwa ya bonde la Ruvuma ilikuwa imeharibiwa na uvamizi wa Wangoni na biashara ya watumwa. Vijiji vilikuwa vimehamwa, na penye watu hapakuwa na nafaka ya kuuza. Msafara ulikuwa na nguo nyingi za kubadilishana lakini hapakuwa na cha kununua.

Watu: Askari wa Kihindi hawakuzoea kazi hiyo wala chakula hicho. Walirudishwa pwani baada ya msafara kufika katika nchi ya Mataka, mtawala wa Wayao. Watu wa Anjouan walitoroka mwezi Septemba baada ya kusikia habari za vita mbele. Walipofika Zanzibar walitangaza kwa uongo kwamba Livingstone ameuawa. Wikatani naye alibaki upande wa kusini wa Ziwa Nyasa baada ya kuwapata ndugu zake.

Tarehe 20 Januari 1867 sanduku la dawa liliibwa na wapagazi waliotoroka. Hapakuwa na sanduku la pili wala mzigo mwingine uliokuwa na sehemu ya dawa hizo. Afya ya Livingstone haikurudi tena kuwa nzuri baada ya hasara hiyo. Chuma aliyashuhudia yote haya. Misafara aliyoiongoza mwenyewe baadaye iliegemea wapagazi waliochaguliwa vizuri, si wanyama.

Miaka ya bara, 1867 – 1873

Kwa miaka iliyofuata Chuma alikuwa na Livingstone katika nchi za Wabemba, Kazembe, Ziwa Mweru, Ziwa Tanganyika na Manyema. Uhusiano wao haukuwa shwari wakati wote. Mwezi Aprili 1868, Livingstone alipoamua kuelekea Ziwa Bangweulu, watu wake wengi walikataa kuendelea kwa sababu ya uchovu na njaa, na Chuma alikuwa mmoja wao. Alibaki na wafanyabiashara wa Kiarabu, kisha akapokelewa tena miezi kadhaa baadaye.

Mwezi Novemba 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimkuta Livingstone huko Ujiji. Stanley aliporudi pwani aliajiri watu wengine 57 akawatuma Unyanyembe, karibu na Tabora. Miongoni mwao alikuwa Jacob Wainwright, aliyesoma Nasik. Msafara mpya uliondoka Unyanyembe tarehe 25 Agosti 1872 kuelekea kusini, ukaingia kwenye mabwawa ya Bangweulu wakati wa masika. Livingstone alikuwa mgonjwa kiasi kwamba alibebwa mabegani kwenye maji, na mwishoni kwenye machela.

Uamuzi wa Chitambo

Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, na tarehe inayokubaliwa kwa kawaida ni 1 Mei 1873. Usiku ule kijana Majwara alimwamsha Susi, naye akamwita Chuma na wengine wachache. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, tayari amekata roho.

Asubuhi yake watu wote wa msafara walikutana. Hapakuwa na Mzungu wa kuwaamuru, na hakuna mkataba uliowalazimisha kufanya lolote zaidi ya kurudi kwao. Kuubeba mwili kulikuwa hatari. Katika nchi nyingi walizopaswa kupita, maiti ya mgeni ilihesabiwa kuwa nuksi, na wenyeji wangeweza kudai faini kubwa, kuwazuia au kuwashambulia. Hata hivyo, kama wangefika pwani bila mwili, wangeweza kushukiwa kwamba wamemtupa au kumuua bwana wao, hasa baada ya uongo wa watu wa Anjouan. Waliamua kuubeba mwili pamoja na karatasi, vyombo na vitu vyote vya marehemu. Chuma na Susi, waliokuwa naye kwa muda mrefu kuliko wengi, walikubaliwa kuwa viongozi.

Kazi ya kwanza ilikuwa maandalizi. Jacob Wainwright aliorodhesha vitu vyote ili pasiwe na mtu wa kulaumiwa baadaye. Chuma alikwenda kwa mtawala Chitambo kuomba ruhusa ya kujenga mahali nje ya kijiji. Walikuwa wamekusudia kuficha habari ya kifo, lakini Chitambo aliijua, na badala ya kudai faini aliomboleza pamoja nao.

Waliujenga uzio imara na kibanda kisicho na paa. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, aliufungua mwili na kutoa moyo na viungo vya ndani, ambavyo vilizikwa chini ya mti mkubwa katika sanduku la bati huku Wainwright akisoma ibada ya mazishi. Mwili ulitiwa chumvi, ukakaushwa juani kwa siku 14 na kugeuzwa kila siku. Kisha ulikunjwa miguu ili mzigo uwe mfupi, ukazungushiwa kitambaa, ukawekwa ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima, halafu ukashonewa turubai na kufungwa kwenye mti ili ubebwe na watu wawili. Wainwright alichonga jina na tarehe kwenye mti wa kaburi, na Chitambo aliombwa auangalie.

Safari ya kwenda pwani

Mwanzo wa safari ulikuwa mgumu. Wiki za kwanza watu wengi waliugua, na msafara ulilazimika kusimama. Walizunguka upande wa magharibi wa Bangweulu, wakavuka mto Luapula, kisha wakageuka kuelekea kaskazini-mashariki. Katika kijiji kimoja chenye boma ugomvi uligeuka kuwa mapigano. Waliliteka boma na kukaa humo siku kadhaa kabla ya kuendelea. Baadhi ya wenzao walikufa njiani.

Walipokaribia Unyanyembe walisikia kwamba msafara wa Waingereza ulikuwa huko. Chuma alitangulia na watu watatu, akiwa na barua iliyoandikwa na Wainwright, akafika tarehe 20 Oktoba 1873. Aliwakuta Luteni Verney Lovett Cameron na wenzake, wote wakiwa na homa. Cameron alishauri mwili uzikwe hapohapo, kwa kuwa njia iliyobaki ilikuwa ya hatari. Chuma na wenzake walikataa, na Cameron hakuwalazimisha.

Hatari aliyoitaja ilijitokeza karibu na Kasekera, ambako wenyeji walipinga maiti ipitishwe. Viongozi wa msafara walijifanya wamekubali kurudi Unyanyembe kuizika. Walitengeneza mzigo wa bandia kwa mabua ya mtama, wakauvika kitambaa kama maiti, wakawakabidhi watu kadhaa wauchukue kuelekea nyuma. Walipofika mbali na macho ya watu waliufumua na kutupa vipande vyake porini, kisha wakarudi mmoja mmoja. Wakati huohuo mwili wenyewe ulitolewa kwenye gome ukafungwa upya uonekane kama robota la kawaida la nguo. Msafara ukapita bila kuzuiwa.

Walifika Bagamoyo mwezi Februari 1874. Mwili uliwekwa katika misheni ya Wakatoliki ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Chuma alivuka hadi Zanzibar kumpa habari kaimu konsuli wa Uingereza, Kapteni Prideaux. Meli ya kivita Vulture ilikuja kuuchukua mwili, na wale waliokuwa wameubeba walilipwa mishahara yao wakaachishwa kazi papo hapo. Huko London madaktari waliutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliowahi kuvunjwa na simba. Livingstone alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Kati ya wote waliombeba, ni Jacob Wainwright peke yake aliyekuwapo kwenye mazishi, kwa kuwa nauli yake ililipwa na chama cha wamisionari.

Uingereza

Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye mwaka huohuo kwa gharama ya James Young, rafiki tajiri wa Livingstone. Walikaa kwa Horace Waller, mchungaji wa Twywell, ambaye alimfahamu Chuma tangu utoto wake huko Magomero. Waller alikuwa akihariri shajara za mwisho za Livingstone. Sehemu za shajara hizo zilikuwa fupi au hazisomeki vizuri, na habari za siku za mwisho hazikuwamo kabisa. Chuma na Susi walieleza majina ya mahali, mfuatano wa safari, na yote yaliyotokea kuanzia Chitambo hadi pwani. Kitabu kilitolewa mwishoni mwa mwaka 1874, na sura yake ya mwisho inategemea masimulizi yao. Walijenga pia mfano wa kibanda alimofia Livingstone, katika nyumba ya marafiki wake huko Newstead Abbey.

Shirika la Kijiografia la Kifalme liliagiza nishani 60 kwa ajili ya watu wa msafara. Zilipofika Zanzibar mwaka 1875 wengi wa waliostahili walikuwa wametawanyika au kuajiriwa katika misafara mingine, hata wengine hawakuzipata.

Njia ya Lindi na Masasi

Chuma alirudi Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1874. Wakati huo biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilikuwa imepigwa marufuku na Sultani Barghash kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873. Askofu Edward Steere wa UMCA, anayekumbukwa pia kwa vitabu vyake vya sarufi ya Kiswahili, alitaka kufika tena nchi za Ziwa Nyasa ambako misheni yake ilishindwa miaka kumi na zaidi kabla. Aliichagua njia ya Lindi, na kiongozi wa msafara akawa Chuma.

Mwaka 1875 Steere alikwama Lindi kwa muda kutokana na homa na uhaba wa wapagazi. Hatimaye aliondoka na Chuma wakapanda bara hadi Mwembe, mji wa Mataka, wakafika karibu na mwisho wa mwaka. Kwa Chuma hii ilikuwa nchi ya watu wake, na pia mji aliopita na Livingstone miaka tisa kabla. Safari hii msafara ulifika bila kusambaratika.

Mwaka 1876 misheni iliondoa kundi la wanaume na wanawake waliokombolewa utumwani, zaidi ya hamsini, kutoka Zanzibar kupitia Lindi. Lengo lilikuwa kuwafikisha nchi ya Wayao. Walipofika Masasi, penye milima ya mawe, maji na udongo mzuri, iliamuliwa waanzishe makazi hapo. Hivyo ulianza mji wa misheni wa Masasi, ambao baadaye ulikuwa kitovu cha Kanisa Anglikana kusini mwa Tanzania. Chuma aliendelea kuitumikia misheni katika safari za eneo hilo.

Njia kutoka Lindi ilifuata kwa sehemu kubwa bonde la Lukuledi. Kaskazini yake ziko nchi za Wamwera, ambazo leo ni wilaya za Nachingwea na Ruangwa, zikiwa pamoja na maeneo kama Chiola. Magharibi na kusini wako Wamakua, Wayao na Wamakonde. Eneo lote lilikuwa na shida mbili kwa msafiri wa wakati huo. Ya kwanza ni maji: wakati wa kiangazi vijito vingi hukauka, na kituo cha kulala kilichaguliwa kwa kuangalia kisima au dimbwi, si urefu wa safari. Ya pili ni hofu ya Wangoni, walioitwa huko Magwangwara, ambao mashambulizi yao yaliwafanya watu wahame na kuacha mashamba. Kiongozi wa msafara alihitaji habari mpya kuhusu visima na vita kila alipokutana na watu njiani.

Upangaji wa msafara, 1879 – 1880

Mwaka 1879 Shirika la Kijiografia la Kifalme lilituma msafara kutoka Dar es Salaam kwenda upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa na kuendelea hadi Ziwa Tanganyika. Mkuu wake alikuwa Alexander Keith Johnston, na msaidizi wake Joseph Thomson, kijana mwanajiolojia. Chuma aliajiriwa kuwa mnyapara mkuu. Kabla ya safari yenyewe walifanya safari fupi ya majaribio hadi Usambara, iliyowapa Wazungu hao nafasi ya kuzoea maisha ya msafara.

Maandalizi ya msafara wa namna hii yalifanyika Zanzibar na yalihitaji hesabu ya makini. Fedha haikuwa na kazi bara, kwa hiyo thamani yote ilibebwa kichwani kwa namna ya bidhaa: nguo za merikani na kaniki, ushanga na nyaya za shaba. Kila nchi ilipenda aina yake ya nguo na rangi yake ya ushanga, na aliyechukua zisizotakiwa alijikuta na mzigo usionunua hata kibaba cha mtama. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa takriban frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Kila mzigo wa chombo au dawa ulimaanisha mzigo mmoja pungufu wa nguo za kununulia chakula, na kila mpagazi aliyeongezwa alikuwa pia mdomo wa kulishwa.

Wapagazi walikuwa na daraja zao. Mbele alikwenda kirangozi na bendera. Nyuma walifuata wenye mizigo. Askari walilinda na kuwazuia watoro. Wanyapara waligawa posho na kusuluhisha ugomvi. Watu walipewa mshahara wa miezi kadhaa mapema, na huo ndio ulikuwa wakati wa hatari zaidi, kwa kuwa mtu asiye mwaminifu angeweza kutoweka na fedha. Kwa hiyo kumjua kila mtu kwa jina, kwao na rekodi yake ya safari zilizopita kulikuwa na thamani kuliko bunduki. Chuma alikuwa na ujuzi huo. Aliwafahamu wapagazi wa Zanzibar, nao walimfahamu, na watu wapatao 150 wakaajiriwa.

Msafara uliondoka Dar es Salaam tarehe 19 Mei 1879. Johnston aliugua ugonjwa wa kuhara damu akafariki tarehe 28 Juni huko Behobeho, karibu na mto Rufiji. Thomson alikuwa na umri wa miaka 21 na hakuwa na uzoefu wowote wa kuongoza watu Afrika. Aliamua kuendelea, na aliweza kufanya hivyo kwa kumtegemea Chuma. Chuma ndiye aliyeshughulika na watawala wa njiani, kueleza kusudi la msafara, kupunguza hongo kwa maneno na mizaha, na kuwatuliza wapagazi walipotaka kurudi.

Walivuka nchi za Wahehe na Wabena, wakafika kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kisha Ziwa Tanganyika. Thomson alipotaka kwenda haraka na kundi dogo kuuchunguza mto Lukuga, aliwaacha watu wengi na mizigo kusini mwa ziwa chini ya Chuma. Kundi hilo lilipaswa kulishwa na kutunzwa kwa muda mrefu bila mwajiri kuwapo, na alipolirudia alilikuta salama. Msafara ulirudi kwa njia ya Ziwa Rukwa na Tabora, ukafika Bagamoyo mwezi Julai 1880. Mbali na Johnston ulikuwa umepoteza watu wachache sana, na ulipita bila kuingia vitani na wenyeji. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo la nadra.

Makaa ya mawe ya Ruvuma, 1881

Sultani Barghash alisikia kwamba kulikuwa na makaa ya mawe katika bonde la Ruvuma, ambayo yangezifaa meli zake za mvuke. Alimwajiri Thomson kuyachunguza, na Thomson akamchukua Chuma tena. Waliondoka Mikindani mwezi Julai 1881, wakapanda hadi sehemu za mto Lujenda. Walichokikuta kilikuwa mawe meusi ya tabaka yasiyofaa kuwashwa kama makaa, na Sultani hakufurahishwa na matokeo. Hii ilikuwa safari kubwa ya mwisho ya Chuma, katika bonde lilelile alimoanzia miaka 15 kabla.

Kifo

Chuma aliugua kifua kikuu akafariki Zanzibar mwaka 1882, chini ya uangalizi wa misheni ya UMCA. Alikuwa na umri wa miaka 32 hivi. Mwenzake Susi aliendelea kufanya kazi na Stanley kwenye mto Kongo, akabatizwa kwa jina la David mwaka 1886, akafariki Zanzibar mwaka 1891.

Kumbukumbu

Kwa muda mrefu vitabu vya Ulaya vilimtaja Chuma kama mtumishi mwaminifu tu, na uaminifu wake ulitumiwa kumtukuza Livingstone. Katika karne ya 20 wanahistoria walianza kuangalia upya nafasi ya Waafrika katika misafara ya upelelezi. Kwa mtazamo huo Chuma alikuwa mtaalamu: ramani zilizochorwa London zilitegemea mtu aliyejua kisima kiko wapi, ni kabila gani linataka ushanga gani, na mpagazi yupi hatatoroka usiku.

Yeye mwenyewe hakuacha kitabu. Habari zake zinapatikana ndani ya maandishi ya watu aliowaongoza, yaani Livingstone, Waller, Steere na Thomson, na kwa hiyo mawazo yake mwenyewe kuhusu utumwa, dini na kazi yake hayajulikani vya kutosha.

Leo barabara ya lami kati ya Lindi na Masasi inapita karibu na njia ya misafara ya bonde la Lukuledi, na safari iliyochukua siku nyingi inamalizika kwa saa chache. Pembeni, kuelekea Nachingwea, Ruangwa na Liwale, zipo bado njia za udongo ambazo masika huzifanya zipitike kwa shida hata kwa gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne. Dereva anayezipita hupiga hesabu zilezile za Chuma: maji, uzito wa mzigo, dawa, mafuta badala ya posho, na habari za njia kutoka kwa mtu aliyetoka huko jana.